Matawi Kwenye Lami

Inspekta Tunu Muzamil hakupenda kuambiwa afunge faili ambalo hajaridhika nalo. Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi, badala ya kusaini pale mkuu wake alipomwekea alama, alimwaga picha zote mezani, akazipanga kwa mfuatano wa safari, akaagiza chai na chapati, kisha akaanza kusafiri pwani ya Norwei akiwa ofisini kwake Babati, juu ya kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa waya.

Ilikuwa pwani nzuri, hilo hakuna wa kubisha. Milima ilishuka moja kwa moja hadi majini, na barabara nyembamba ya lami ilijipenyeza kati ya mwamba na bahari, ikavuka madaraja, ikaishia kwenye kivuko, ikaanza tena ng'ambo. Nyumba nyekundu zilikaa mbali mbali kama watu waliogombana. Palikuwa na samaki wakubwa walioanikwa kwenye miti, vichwa chini, ambao wangemtia aibu mvuvi yeyote wa Ziwa Babati. Na karibu kila picha alikuwemo Theophil, mkulima wa alizeti kutoka Mutuka, ndani ya koti la kuazima lililomzidi, akicheka. Chini ya picha ya kondoo waliolala katikati ya barabara alikuwa amemwandikia mke wake: "Hawa hawana mchungaji na wamenona. Sisi tunakosea wapi?"

Hizo zilitoka kwenye simu ya mkewe. Picha za mwisho mezani, zenye namba na mihuri, zilitoka kwa polisi wa kule kupitia Dodoma, na kwenye hizo Theophil hakuwemo.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Pantaleo, dereva wa watalii anayeishi Nangara, aliwahi kumwendesha mbugani mzee mmoja wa Kinorwei. Mzee akampenda hata akamwalika kwao pamoja na mwenzake mmoja, akawaazima gari lake kuukuu na nyumba yake ya uvuvi. Pantaleo akamchukua Theophil, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Walienda wawili, akarudi mmoja, na maelezo yake yalikuwa haya: siku ile tumbo lilimsumbua akabaki nyumbani, Theophil akaondoka na gari peke yake akiwa na chupa ya pombe kali, akaikosa kona kwa sababu ya mwendo, akaingia baharini. Polisi wa kule walilivuta gari likiwa tupu, mlango wazi na chupa chini ya kiti. Mwili ulitupwa ufukweni wiki kadhaa baadaye, na daktari aliandika kwamba kwa hali aliyoukuta hawezi kusema kama marehemu alikunywa au hakunywa. Basi ikawa ajali. Jeneza lilitarajiwa kufika Ijumaa, mazishi Jumamosi, na mkuu wa Tunu alitaka faili liwe kabatini kabla ya hapo.

Picha ya kona ile Tunu alikuwa ameitazama tangu Jumatatu. Leo, chapati ikiwa mkononi, aliacha kutafuna.

"Teodori," aliita.

Koplo Teodori, msaidizi wake, mtu wa makamo mwenye maneno mengi na mwandiko mbaya, aliingia akijifuta mikono.

"Tazama hii. Unaona nini?"

"Gari limeharibika, afande."

"Gari liko wapi?"

Teodori akainama, akatazama tena. Palikuwa na lami, kona, bahari na visiwa. Gari halikuwepo.

"Halipo," alisema, akijikuna shingo. "Lakini limeharibika. Si wamevunja matawi?"

Matawi yalikuwepo kweli. Rundo moja la majani mabichi lilikuwa juu ya lami mita kadhaa kabla ya kona, na rundo jingine lilikuwa mbele, kwenye kona yenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Babati kwenda Singida au Arusha ameyaona matawi ya namna hiyo, akajua kuna lori limekufa mbele yake, akapunguza mwendo bila hata kufikiri. Ndiyo maana Tunu alikuwa akiyapita kwa macho tangu mwanzo wa wiki. Yalikuwa ya kawaida mno. Polisi wa kule nao waliyaona, wakaandika kwa nia njema kabisa kwamba upepo uliangusha matawi barabarani. Kwao gari likiharibika mtu huweka pembetatu inayong'aa. Wasingeweza kujua.

"Upepo gani huo unaopanga matawi nyuma na mbele?" Teodori aliuliza.

"Upepo wenye leseni ya udereva," Tunu alijibu. "Lete funguo za gari. Twende msibani."

*

Huko Mutuka turubai lilikuwa limeshafungwa na wanaume walikuwa wanashusha viti. Mama yake Theophil, bibi mwembamba aliyejifunga shuka begani, alikaa kwenye mkeka wa mbele akiwa amezungukwa na wanawake wa ukoo. Mektilda, mjane, hakuwa kwenye mkeka. Tunu alimwona kwa mbali, nyuma ya jiko la nje, akipepeta mchele peke yake. Mjane anawapikia watu waliokuja kumpa pole. Tunu hakuhitaji maelezo zaidi kuelewa hali ya nyumba ile, na ilimkera.

Alianza na bibi, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mwili?"

"Bado, mama. Kesho. Nimekuja kuuliza."

"Muulize yule." Bibi alielekeza kidevu jikoni. "Mimi nilizaa mtoto, akanywa, akaacha. Alisimama kanisani, akasema mbele ya watu. Miaka mingi hagusi. Leo Pantaleo anasema amekufa na chupa. Mtu ameacha, haanzi hivi hivi. Nyumbani kwake kuna kitu kilimtoa na moyo mbaya."

Tunu hakubishana naye. Alimkabidhi picha ya kona. Bibi aliisogeza mbali na macho, akaikunjia uso.

"Hawa gari limewafia," alisema. "Ni akina nani?"

"Ndiyo naulizia, mama."

Huko jikoni Mektilda alisimama kumpokea, ungo mkononi. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa amelia vya kutosha siku zilizopita, na sasa alikuwa na hasira.

"Pole, Mama Anselmi."

"Asante, afande."

"Wewe unaamini alikunywa?"

"Hapana." Hakusita hata kidogo. "Pombe ilimwangusha na pikipiki akiwa amempakia Anselmi, mtoto akavunjika mguu. Tangu siku hiyo hata kwenye harusi anaomba soda. Lakini mimi ni mke tu, nani atanisikiliza? Wanasema nilimchosha, ndiyo maana akarudia."

"Nani anasema?"

"Wote. Jumamosi utasomwa wasifu wake. Niliandika mwenyewe kwamba aliacha pombe na akawasaidia wenzake kuacha. Shemeji ameikata hiyo sentensi. Amesema hawezi kudanganya mbele ya maiti." Aliweka ungo chini. "Sitaki kingine, afande. Sitaki fidia, sitaki mtu afungwe. Nataka isomwe."

"Itasomwa," Tunu alisema.

Teodori alikohoa. Njiani kurudi mjini alikumbusha kwa upole kwamba polisi hawatoi ahadi za namna ile.

"Wengine hawatoi," Tunu alisema. "Mpigie Pantaleo. Mwambie nahitaji msaada wake kidogo, aje akishakula. Na mtumie Mektilda bodaboda aje kituoni jioni."

*

Pantaleo alikuja amevaa kizibao chake cha kazi chenye mifuko kila mahali, akaamkia kila mtu kuanzia getini, akakaa bila kuambiwa akae. Alikuwa mwanaume mwenye sauti nzuri, na alijua kwamba anayo.

"Nisimulie safari," Tunu alimwambia. "Yote. Sina haraka."

Alisimulia vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yake. Alieleza mahandaki yaliyochimbwa chini ya milima, ambamo unaingia kuna mvua unatoka kuna jua. Alieleza vivuko, na ndege weupe waliovifuata wakidai mkate. Alieleza meza iliyoachwa kando ya barabara ikiwa na matunda madogo mekundu na kopo la kuwekea hela, bila muuzaji.

"Theophil aligoma kuondoka," alisema. "Alisimama pale mpaka nikakasirika. Eti anamsubiri mwenye matunda atokee amshukuru."

Alicheka, kisha cheko likamkatikia njiani. Tunu aliliona hilo. Huyu mtu alimpenda rafiki yake, na jambo hilo lingefanya kazi iwe rahisi na iwe chungu pia.

"Na siku ile aliondoka wakati gani?"

"Usiku, saa sita. Alitaka kuona jua."

Kalamu ya Teodori ilisimama. "Jua," alirudia. "Saa sita usiku."

"Haki ya Mungu, afande. Kule kipindi kile halizami. Linashuka mpaka karibu na maji, halafu linapanda tena."

Teodori alitabasamu kama mtu aliyemfumania mwizi dirishani. Tunu akamharibia raha. Alichomoa picha moja kwenye zile za simu ya Mektilda: bahari imekuwa rangi ya dhahabu, jua limekaa juu yake, na chini Theophil ameandika, "Mama Anselmi, ni usiku wa manane na kivuli changu nakiona."

"Andika, Teodori. Ni kweli."

Pantaleo alishusha mabega. Aliegemea kiti, akapanga miguu vizuri, na hivyo ndivyo Tunu alivyomtaka akae.

"Sasa nisaidie," alisema, akiisukuma mbele yake picha ya kona. "Mimi sijui barabara za kule, na wewe ni dereva wa siku nyingi. Hapa unaona nini?"

Pantaleo aliitazama. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kona mbaya," alisema. "Haina kingo. Ukija na mwendo, umeingia."

"Na hivi?" Tunu aliweka kidole kwenye rundo la kwanza, kisha la pili.

"Majani tu hayo. Upepo. Kule upepo wa baharini ni mkali sana."

Mlango ulikuwa wazi, na Mama Rosemary, anayeuza chai karibu na geti, alikuwa amefuata vikombe vyake. Tunu alimwita.

"Mama Rosemary, hebu chungulia hapa. Kuna nini?"

Mama Rosemary alichungulia bila kutua sinia. "Kuna gari bovu," alisema. "Wameshalivuta? Maana silioni." Akachukua vikombe, akaenda zake.

"Umemsikia," Tunu alisema. "Huyo hajawahi kushika usukani maishani. Koplo wangu alisema hivyo hivyo. Mama yake Theophil, ambaye macho yanamsumbua, alisema hivyo hivyo, na hakuwa hata anajua picha ni ya wapi. Wewe umeendesha tangu ujana. Umevunja matawi kama haya kwenye njia ya Kondoa mpaka mikono ikachubuka. Na katika Babati nzima ni wewe peke yako unayeona upepo."

Pantaleo aliisogeza picha kando. "Basi labda... labda Theophil mwenyewe ndiye aliyaweka."

"Labda. Hilo ndilo jibu la mtu aliyebaki nyumbani na tumbo. Angeiona hii picha akashtuka, akasema kumbe gari lilimharibikia. Angeniuliza liliharibika nini. Wewe hukuuliza. Hukuona kitu kipya. Ulijua matawi yapo, ukaomba mimi nisiyaone."

"Afande..."

"Sijamaliza. Gari ambalo limewekewa matawi limesimama. Gari lililosimama halikosi kona kwa mwendo. Wewe ndiye uliyesema mwendo, wewe ndiye uliyesema pombe, na wewe ndiye uliyesema peke yake. Maneno yote matatu yametoka kinywani mwako, na la kwanza limeshakufa hapa mezani."

Alijiweka sawa kwenye kiti. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kazi.

"Kuanzia sasa wewe si shahidi tena. Teodori, karatasi ya maelezo ya onyo. Pantaleo, si lazima useme chochote. Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kumwita wakili, ndugu au rafiki akae nawe. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka tumwite nani?"

Pantaleo alifunika uso kwa viganja. "Rafiki yangu ni yeye," alisema ndani ya viganja. "Andikeni tu."

Yalimtoka yote kwa mkupuo, na ile sauti nzuri haikuwemo. Mzee mwenyeji alikuwa amempa chupa ya zawadi. Alianza kuionja kwa kificho kwenye kivuko, akaendelea akiwa usukanini, kwa sababu ya raha ya barabara ile na kwa sababu hakuna bosi nyuma yake akimwambia simama, kuna twiga. Usiku ule walitoka wote wawili kuliona jua. Kwenye mlima wa mwisho gari lilichemsha. Alishuka, akavunja matawi, akayaweka nyuma na mbele bila kufikiri, mikono ilijua yenyewe. Aliporudi Theophil alisikia harufu.

"Alikasirika?"

"Hakunitukana hata neno. Alisema hatuendi popote mpaka pombe initoke. Akalaza kiti cha abiria, akafunika uso kwa kofia, akalala. Mimi nikakaa kwenye jiwe. Injini ikapoa. Nikaona gari limekaa vibaya, katikati ya kona. Mbele kidogo kulikuwa na sehemu pana. Nikasema nilisogeze bila kuwasha, nisimwamshe. Nilisimama nje, nikaingiza mkono dirishani, nikatia gia frii, nikashusha hendibreki."

Teodori aliacha kuandika.

"Lilinishinda, afande. Miguu ilikuwa ya pombe. Lilinitoka mkononi kama ng'ombe. Niliita jina lake. Niliona mlango unafunguka kabla halijafika majini. Nadhani alikuwa ameamka."

Nje bodaboda alikuwa anabishana na askari wa getini.

"Kisha ukarudi kwa miguu ukalala," Tunu alisema, "ukaamka na tumbo. Hilo la kuogopa nalielewa. Ulikuwa ugenini na umeua mtu. Lakini umekuja mpaka nyumbani kwa mama yake, umekaa kwenye mkeka wake, umempa mtoto wake chupa yako."

"Ningesema nini?"

"Ungesema hivi ulivyosema sasa." Tunu alikuwa na hasira na hakuificha. Kisha akauliza swali lililokuwa linamkera tangu gari lilipochemsha. "Theophil ana leseni. Ameendesha lori la alizeti tangu lini. Alipoona umelewa, kwa nini hakushika yeye usukani?"

"Nilimpa funguo. Alikataa." Pantaleo alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Alisema Mama Anselmi alimwambia asiendeshe nchi za watu, wanapita upande mwingine. Nikamwambia Mama Anselmi yuko Mutuka, hakuoni. Akasema ndiyo, lakini nitakaporudi ataniuliza."

Tunu alitazama ukuta. "Andika na hilo," alimwambia Teodori.

*

Mektilda alikuwa kwenye benchi la nje, amevaa viatu vya kanisani. Aliposikia mlango alisimama.

"Hakunywa," Tunu alisema, kabla ya salamu. "Hata tone. Aliyekunywa ni Pantaleo, na ameandikisha kwa hiari yake. Gari liliharibika wakiwa wote wawili. Theophil alikuwa amelala kiti cha abiria Pantaleo alipoliachia breki. Hakukusudia, lakini ataenda mahakamani kwa kuua na kwa kudanganya."

Mektilda alikaa tena. Alipumua kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani, na machozi ambayo Tunu alidhani yamekwisha yakaanza upya. Hakuyafuta.

"Shemeji hataniamini," alisema.

"Ataniamini mimi. Kesho nitakuja na Koplo nimweleze yeye na mama mkwe wako, uso kwa uso, wewe ukiwa umekaa kwenye mkeka. Na Jumamosi nitakaa mbele kabisa, kwa sare. Nataka nimwone atakayeiruka ile sentensi."

Mektilda alicheka, akalia, akacheka. Alimshika Tunu mikono yote miwili, akamwombea kwa Kiiraqw maneno ambayo Tunu, aliyekulia Babati, aliyaelewa nusu. Kisha akajifunga vizuri kitenge, akashuka ngazi kumfuata bodaboda wake. Tunu alibaki mlangoni akijisikia vizuri. Kazi ilikuwa safi, na hakuona aibu kujipongeza.

Kwenye ngazi ya mwisho Mektilda alisimama, akageuka.

"Afande. Theophil aliona mwenzake amelewa?"

"Aliona."

"Na anajua kuendesha. Sasa kwa nini hakuendesha yeye wakarudi?"

Kutwa nzima Tunu alikuwa na jibu kwa kila mtu. Hili pia alikuwa nalo, na alitamani asingekuwa nalo. Angeweza kusema hajui. Lakini liko kwenye karatasi, litasomwa mahakamani mbele ya watu, na mwanamke huyu alikuwa ameshasikia mengi mno kutoka kwa watu wengine. Alishuka ngazi mpaka wakawa sawa.

"Alipewa funguo, akakataa. Alisema wewe ulimwambia asiendeshe nchi za watu."

"Mimi?"

"Ndivyo Pantaleo alivyosema. Labda siku mnaagana."

Mektilda alitazama barabarani. Bajaji zilikuwa zinapita kuelekea sokoni, na bodaboda wake alishawasha pikipiki.

"Pale stendi nilimwambia mambo mengi," alisema polepole. "Avae soksi. Asile samaki wabichi. Apige simu." Alitafuta kichwani, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu. "Hilo silikumbuki, afande. Hilo silikumbuki kabisa."